Milioni Moja na Moja

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anapiga. Nasema hivyo kwanza, mutu asije akaniambia eti alikuwa mukali tu. Alitupiga kwa mkanda mkuukuu wa mashine ya kusaga mahindi, na mkono wake ulikuwa mbaya kuliko mkanda.

Alikuwa na desturi yake. Mwanzo wa mwaka alimpa kila mmoja wetu namba, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe: mbili, tatu, tano, saba, mpaka tisini na saba kwenye benchi la mwisho. Mimi nilikuwa kumi na tatu. Akiandika namba kubwa ubaoni, kila mtu anaigawa kwa yake. Kikibaki kitu, unapigwa mgongoni. Kisipobaki, umepona.

Rafiki yangu hakuwa na namba. Alitoka Lubunga, alivuka mto kwa pirogue, na siku ya kugawa namba alichelewa. Donc, basi, yeye alipigwa bila hesabu yoyote, makofi, sikio la kushoto siku zote. Sikio likaanza kutoa usaha. Muuguzi alimwambia mama yake wazi kwamba kofi moja tena, halitasikia.

Asubuhi ile mwalimu aliandika 1 000 001. Kwangu ikabaki mbili. Kwa saba, mbili. Kwa kumi na moja, mbili tena, wallahi. Darasa zima likapigwa, benchi kwa benchi, mpaka yule wa tisini na saba akajikojolea. Mwalimu akajifuta jasho, akasema namba hii haigawanyiki. Na ni yeye mwenyewe aliyetufundisha kwamba kwa namba kubwa hivi lazima ujaribu mpaka karibu na elfu! Alichoka kupiga, hesabu ikaishia hapo.

Rafiki yangu akainua mkono.

"Prof, inagawanyika na mia moja na moja."

"Nani alikupa namba?"

Rafiki yangu alienda ubaoni akaandika 990 100, yaani 9 901 mara mia. Chini yake akaandika 9 901 yenyewe. Akajumlisha. Ikatoka milioni moja na moja, bila kubakisha kitu.

Mwalimu hakutazama ubao. Alimtazama yeye, na mkono ukapanda.

"Prof, yake iko sawa," nikasema.

Mkono ukashuka palepale pa siku zote. Alianguka chini ya ubao, damu ikamtoka sikioni.

Sijui niliruka mabenchi vipi. Niliokota mkanda mezani nikampiga nao mwalimu usoni, nikampiga tena, na nilifurahi kuona damu yake. Nilifukuzwa siku ileile, na tonton, mjomba wangu aliyenilipia shule, akanichapa mpaka fimbo ikavunjika. Sijutii hata kidogo. Hasira ninayo mpaka leo, kwa sababu nilianza na maneno badala ya mkanda.

Rafiki yangu sasa anafundisha hesabu, bila mkanda. Tukienda soko pamoja, natembea kuume kwake. Nikisahau nikapita kushoto, naongea peke yangu njia nzima.