Fungu la Mama Mkwe

Jumamosi, ndani ya basi la Ladywood, hapa Birmingham, mama mmoja wa Kikongo aliweka simu spika, akatufungulia kikao cha familia bila kutuomba ruhusa. Mkwewe anaishi Arizona. Kwenye video kijana alisimama katikati ya jangwa, bunduki begani, kulungu mkubwa amelala miguuni pake.

"Risasi moja tu, mama!"

"Hongera, mwanangu. Paja langu liko wapi?"

Kwao, mwindaji haonji nyama kabla paja halijafika kwa mama mkwe. Kijana alikohoa.

"Mama, nyama haipiti posta. Huko Uingereza wataitupa."

Mama alivua miwani, akaipangusa taratibu kwa ncha ya kitenge. Basi zima tulisubiri.

"Na binti yangu uliyemuoa, yeye nilikutumia kwa posta?"

"Hapana, mama."

"Ulikuyaka mwenyewe mpaka huku kwangu kumubeba. Basi, na paja ulilete mwenyewe."

Kijana akamtazama kulungu kama anayetamani ainuke akimbie.

Nasikia jangwa lile lina nyoka, lina kiu, lina dubu. Yote hayo kijana aliyapona, kisha akapiga simu Birmingham.