Safari ya Kanada Iliyoishia Dukani kwa Baba

Baba ndiye aliyenifundisha mpira. Duka letu la vitambaa lilikuwa Kariakoo, nyuma kidogo ya soko, na kati ya duka na stoo kulikuwa na korido ndefu. Mchana, wateja wakipungua, Baba alisimama upande mmoja akanipigia mpira, nami nikapambana kuuzuia usigonge majora ya vitenge. Baba zangu wadogo walimcheka. Sisi ni Waarabu wa zamani wa mjini, watu wa duka na msikiti, na msichana kucheza mpira lilikuwa jambo la kunong'onezana. Baba aliwajibu bila kuinua macho kwenye kitambaa anachokata: "Ana mguu huyu. Mungu kampa, mimi nimnyang'anye?"

Aliyenipinga alikuwa Mama, naye hakuficha. Alinigombeza asubuhi, akanigombeza jioni. Lakini timu ya wanawake iliponichukua, yeye ndiye aliyenishonea suruali nyeusi ya kuvaa ndani ya bukta. "Kama ni lazima ukimbie mbele za watu," alisema, "kimbia umejistiri."

Nilicheza winga ya kulia kwa miaka minne. Wakati huo timu za wasichana zilikuwa chache, viwanja vyetu vilikuwa vumbi tupu, na watazamaji wengi walikuja kucheka. Baba alikuja kutazama. Siku ya mechi alifunga duka mapema, akasimama kwenye mstari na kanzu yake, akipaza sauti hadi inakauka. Wenzangu walinionea wivu. Baba zao hawakujua hata namba wanayocheza.

Kisha akaja mama mmoja Mzungu kutoka Kanada, kocha wa timu ya chuo huko. Alitufanyisha mazoezi kwa wiki nzima. Siku ya mwisho alimwambia kocha wetu kwamba anataka wachezaji wawili, wakasome na kucheza kwake: beki wetu wa kati, na mimi.

Nilikimbia hadi dukani. Baba alinikumbatia mbele ya wateja. Siku mbili baadaye Mama alienda kwenye mitumba akarudi na sweta zito la bluu. "Huko kuna baridi," alisema, akanitupia mapajani. Kwa Mama, hiyo ilikuwa ruhusa.

Nilisubiri niitwe. Mazoezini kocha wetu alianza kunikwepa. Siku moja nilimfuata, akanishika bega. "Usijali, mwanangu. Kila mtu na uamuzi wake. Tusiliongelee tena." Nilielewa kwamba wale wa Kanada wameamua kunikataa. Niliona haya kuuliza zaidi. Beki akaondoka, mwingine akachukua nafasi yangu, na muda mfupi baadaye kocha akahamia mkoani. Baba alinifariji wiki nzima. Aliniletea juisi ya miwa, akaniambia wale watu hawajui mpira.

Mwaka uliofuata, Mama alinituma samaki sokoni Feri. Nilikuwa natazama samaki aina ya changu kwenye meza ya muuzaji niliposikia naitwa. Alikuwa kocha, amerudi mjini kutembea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Bado unacheza?"

"Nacheza."

Akanitazama kwa mshangao. "Sasa mbona ulikataa safari?"

Nikamwambia sikukataa chochote. Akanivuta pembeni ya meza, muuzaji akiendelea kupaa magamba. "Baba yako alinifuata," akasema. "Alisema umeghairi, unaona aibu kuniambia mwenyewe. Akaniomba nisikuulize, nisije nikakuumiza. Nilimwamini. Nani asingemwamini yule mzee?"

Sikununua samaki. Nilitembea kwa miguu kutoka Feri, nikakatiza Mnazi Mmoja juani, na njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kumtetea. Labda kocha kachanganya. Labda ni baba mdogo. Nilipofika dukani Baba alikuwa anampimia mteja kitambaa. Nilisubiri mteja atoke.

"Baba, ulimwambia kocha nimeghairi?"

Alikunja kitambaa kwanza, taratibu, pindo kwa pindo. Hakukana, na nadhani hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hakuona haja.

"Nilikufundisha ucheze," alisema. "Sikukufundisha uondoke."

"Ungenikataza. Ungesema hapana, kama Mama."

"Ningesema hapana ungenichukia."

Nilimtazama yule mtu aliyekuwa anakauka sauti kwa ajili yangu. Alitaka nibaki, na pia alitaka nimpende kwa kuniruhusu. Vyote viwili alivipata, kwa mwaka mzima, kwa kuniacha niamini kwamba mguu wangu haukutosha.

Mama aliposikia, alihamia chumbani kwangu, akalala pembeni yangu mwezi mzima bila kuniambia neno la kumsema mumewe. Nilicheza msimu mmoja zaidi. Nilimwomba Baba asije uwanjani. Alikuja, akasimama mbali, nyuma ya wauza maji, bila kupaza sauti. Kila nilipopata mpira nilijua yuko pale, na miguu ikawa mizito. Mechi ya mwisho niliomba nitolewe kabla ya mapumziko.

Sasa nauza naye vitambaa. Tunaongea bei, mizigo, wateja. Amezeeka, na mimi ndiye ninayempa dawa zake. Hajawahi kuniomba radhi.

Juzi mtu alinitumia video ya mechi huko Kanada, beki wetu wa zamani akiwa nahodha, pumzi zao zikitoka kama moshi. Niliitazama pale kaunta. Baba akasogea, akavaa miwani, akainama juu ya simu hadi mwisho.

"Winga wao hawezi," akasema. "Wewe ungempita yule beki wa upande wa pili."

Nilizima simu. Mteja alikuwa mlangoni anaulizia satini nyeupe ya harusi, nikaenda kumhudumia.