Jembe la Mazoezi

Daktari alimwambia baba atembee kila asubuhi, presha itashuka. Mitumba ndiyo kwanza ilikuwa imeingia sokoni Songea, basi baba akanunua raba, akashika barabara ya Maposeni haraka haraka, mikono mitupu. Sasa niambie, kwetu nani anatembea hivyo alfajiri kama hajafiwa? Mama jirani alipomwona alijifunga kanga kiunoni, akabeba unga, akamfuata. Wa pili akaja na kuni. Baba alipogeuka nyuma, alikuwa anaongoza msiba mzima.

“Pole, kaka. Ni nani?” mama jirani akauliza.

“Hakuna aliyekufa! Natembea ili nisife. Daktari ndiye kaniambia.”

Mama jirani akaangua kilio. Kumbe daktari ameshasema!

Wakamrudisha nyumbani wamemshika mikono, wakatandika mikeka uani, wakasonga ugali. Mimi nilikasirika. Baba alikaa katikati yao, akala ugali wa msiba wake mwenyewe, akaomba na mboga ya kuongeza.

Kesho yake alitoka tena, raba miguuni, jembe begani. Shamba letu lilikuwa upande mwingine kabisa wa mji, lakini hakuna aliyemuuliza kitu.