Roboti Aliyegoma Bila Kuumwa

Mashine ikiharibika, fundi unashukuru, maana una kitu cha kutengeneza. Shida ni mashine nzima kabisa inayogoma.

Hayo yalinikuta mimi, na nusura yaniondolee shemeji.

Kazi yangu ni kutengeneza roboti za kiwandani. Usifikirie wale wa kwenye sinema wenye macho na miguu. Wetu ni mkono mmoja wa chuma, mrefu kuliko mlango, umefungwa sakafuni katika kiwanda cha sabuni. Unachukua katoni kwenye mkanda unaotembea na kuzipanga juu ya paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo. Wafanyakazi walimwita Twiga, kwa ajili ya shingo.

Twiga amezungushiwa uzio. Pale pa kuingilia kuna nguzo mbili zinazotazamana, na katikati yao unapita mwanga usioonekana. Mtu akiukata ule mwanga, Twiga anaganda papo hapo. Bila huo mwanga, ule mkono haujui tofauti ya katoni na kichwa cha mtu.

Basi, Twiga akaanza kuganda ovyo. Kazi imepamba moto, hakuna mtu karibu, yeye huyo kasimama kimya. Kioo chake kinaandika: kuna mtu ameingia.

Mtu gani? Hewa tupu.

Nikabadilisha nyaya. Nikafuta nguzo. Nikapaka grisi hadi pasipohitaji grisi. Anachapa kazi vizuri, nikishafunga boksi la vifaa tu, anaganda.

Umbea ukaanza. Wapakiaji wakasema kuna jini. Mhasibu akasema jini ni mimi, natafuta kuonekana wa maana.

Meneja wa uzalishaji akaniita. Huyu baba alishawahi kuitisha kikao cha kujadili kwa nini vikao ni vingi.

"Fundi, wiki hii Mkurugenzi anashuka kukagua. Twiga akiganda mbele yake, wewe utaganda nyumbani kwako."

Nikaweka vifaa chini. Nikageuza ndoo, nikaketi, nikamkazia Twiga macho kama mama mkwe anavyomtazama mkwe akipika.

Lango la kupakia likafunguliwa, upepo ukaingia. Juu ya uzio palikuwa na bango kubwa la turubai: uso wa Mkurugenzi, na chini yake maneno HAPA KAZI HAISIMAMI. Upepo ukalivimbisha. Kona yake ya chini ikayumba, ikapita taratibu katikati ya zile nguzo.

Twiga akaganda.

Nilicheka mpaka mpakiaji mmoja akaja kuniuliza kama jini limenihamia.

Nikampelekea meneja habari, najua atafurahi.

"Tulishushe tu bango, au tulikunje kidogo," nikamwambia.

Akainuka, akafunga mlango wa ofisi. "Unataka kumkunja Mkurugenzi?"

"Ni turubai, bosi."

"Ni uso wake. Akikuta haupo, nani atamweleza? Zima hizo nguzo."

"Nguzo ndizo zinazolinda watu."

"Na mimi ananilinda nani?"

Nikakataa. Akaniambia nikanywe chai, nipoze kichwa.

Niliporudi, Twiga alikuwa anachapa kazi. Lango wazi, bango linapepea, kona inakata mwanga, na hagandi. Meneja alikuwa amemwita yule jamaa anayebadilisha taa za ofisini, wakaunga kipande cha waya, Twiga akawa anadanganywa kwamba mwanga haukatiki.

Na ndani ya uzio alikuwemo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mpakiaji wa palepale kiwandani.

Katoni ilikuwa imepasuka. Ameinama anaokota sabuni, kampa Twiga mgongo, kwa sababu siku zote ukiingia pale Twiga anasimama. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Nilikimbia. Hata kupiga kelele sikuweza, pumzi yote ilikuwa imehamia miguuni. Nikakigonga kile kitufe chekundu cha dharura kwa kiganja.

Mkono ukasimama, umeshika katoni, juu kidogo ya kisogo chake. Kofia yake ilikuwa imeshaguswa. Ikadondoka, ikabingirika hadi ukutani.

"Shemeji," akasema bado ameinama, "mbona leo amechelewa kusimama?"

Nilimvuta nje kwa ukosi wa ovaroli, nikakaa chini.

Kuinua macho, Mkurugenzi huyo hapo. Kumbe ukaguzi ulikuwa siku hiyo. Meneja yuko begani kwake, ameshaanza: "Mzee, huyu fundi tumekuwa tukimvumilia..."

"Nani amezima mashine?" Mkurugenzi akauliza.

"Mimi, Mzee."

Nikamweleza yote: bango, upepo, waya. Nilijua kazi imeshaniponyoka, kwa hiyo sikupunguza hata neno.

Akaenda kusimama chini ya bango.

"Hili alilitundika nani?"

Meneja akakohoa. "Sisi, Mzee. Kwa heshima yako."

"Mimi nilidhani wafanyakazi ndio walilitaka, nikaona nikilikataa nitawavunja moyo. Hiyo picha siipendi hata kidogo. Nilikuwa na mafua."

Hakuna aliyecheka. Tulisubiri hadi alipoondoka.

Bango likashushwa siku ileile, ule waya nikaung'oa kwa mkono wangu. Meneja hakufukuzwa. Alipewa ukuu wa idara mpya ya usalama kazini, kwa sababu, tulivyoambiwa, ameiona ajali kwa karibu. Ameshaitisha kikao.

Shemeji yuko palepale. Siku hizi haingii kwenye uzio kabla ya kutanguliza ufagio kati ya zile nguzo na kumwona Twiga ameganda. Nyumbani mume wangu anamtania. Mimi simtanii.

Ninachowaachia ni hiki: ukiambiwa mkubwa fulani atakasirika, nenda kamuulize mwenyewe. Pale kazini tulikaribia kuzika mtu kwa kulinda hasira ambayo mwenyewe hakuwa nayo.