Hamira ya Chumvi

Wenzake kiwandani walimwita Mama Hamira, naye hakuwa na nguvu za kuwakatalia. Kwa miaka mingi alikuwa ametia vitambaa rangi mpaka kucha zake zikasahau zilivyozaliwa. Kifua kilipoanza kumsumbua, wakubwa wakamhamishia uani, kwenye tangi la maji machafu. Kazi nyepesi, walisema. Nyepesi kwa mtazamaji.

Maji hayo yalikuja na rangi pamoja na chumvi kali ya kuishikisha kitambaani. Mtaalamu wa kiwanda alipandikiza humo hamira isiyoogopa chumvi, inayoila rangi na sumu yake. Mama Hamira aliilisha molasi, akaikoroga, akaibembeleza kama mtoto mgonjwa. Ikikubali, tangi lilinukia mkate, na maji yalitelemka kijitoni yametakata. Huko chini dada yake alifulia watu mashuka. Vidonda vya mikono vilikuwa vimeanza kumkauka.

Kosa lilikuwa la Mama Hamira mwenyewe, kosa la mtia rangi. Mtia rangi hawezi kuona chombo kitupu asikisuuze. Jioni moja, amechoka hoi, alimwaga maji yaliyokwisha kusafika, akafungulia bomba, akasugua tangi mpaka likang'aa, halafu akaiachia hamira iliyobaki ilale kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Hata alijisifu. Kumbe chumvi ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza vijidudu vya kuozesha. Kabla wiki haijaisha, tangi lilinuka yai viza, na maji mapya yalikaa mekundu vilevile.

Mtaalamu alichungulia, akashusha pumzi. “Mbegu ya hamira ninayo kwenye friji, mama. Tutaanza upya. Ila maji haya lazima yatoke.”

“Yasubiri kidogo.”

“Yasubiri wapi? Mashine hazisimami.”

Mama Hamira akaikamata koki, akaifungua mwenyewe, kisha akashika njia ya kijitoni kumwonya dada yake. Angekimbia, lakini kifua hakikumruhusu. Alitembea na kupumzika, akijichukia kila aliposimama.

Maji yalikuwa yamemtangulia. Dada yake alikuwa amepiga magoti ukingoni, shuka lililogeuka rangi ya waridi mikononi. Asubuhi lilikuwa jeupe.

“Unaona watu wako?” dada alisema. “Nani tena kafungulia uchafu huu?”

Ingekuwa rahisi kusema ni wao. Kiwanda kimezoea kulaumiwa.

“Ni mimi, dada.”

Dada akamtupia ncha moja ya shuka, wakaanza kulikamua.