Chungu cha Watoto wa Jovitha

Mwaka 1989 Jovitha wa Nyanga alikuwa na watoto watatu na jambo moja kichwani. Mumewe, mchuuzi wa samaki wa kisiwa cha Goziba, alikuwa amekufa kwa UKIMWI, ule ugonjwa ambao watu bado waliuita Juliana, na sasa magauni yalimpwaya Jovitha mwenyewe. Shemeji yake Mwijage alishasema kwamba ukoo utawagawa watoto: mmoja Muleba, mmoja Hamugembe, mdogo kwa bibi yake.

"Wakibaki pamoja, nani atawapikia?" aliuliza, kana kwamba ameshinda kesi.

"Watajipikia," akajibu Jovitha.

Tangu siku hiyo jiko likawa shule, na mwalimu alikuwa mkali. Immakulata, wa miaka minne, alipukuchua maharage mabichi na kupigwa marufuku kusogelea moto. Datius, wa minane, alikata ndizi shambani na kuzimenya mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Wenzake walimcheka, mwanamume gani huyo anayemenya ndizi? Jovitha aliwatimua kwa ufagio. Kokuberwa, wa kumi na mbili, ndiye aliyetawala chungu: kukifunika kwa majani ya mgomba, kupunguza kuni, kuonja.

Jumamosi moja Mwijage akaja kuwachukua. Jovitha alimkaribisha, akamwomba kwanza ale chakula watakachopika watoto, kisha akajilaza mkekani karibu na mlango wa jiko. Aliapa moyoni kwamba hatainuka hata nyumba iungue.

Mambo yakaharibika mapema. Kwa kiherehere cha kumpikia mgeni, Datius alikata mkungu wa embile, ndizi za kutengenezea pombe. Jovitha aliona maganda akajua: chungu chote kitakuwa na ukakasi. Neno moja tu lingetosha. Akauma shuka.

Ndizi zilipoiva Kokuberwa alionja, akatema, akamtazama mama yake. Jovitha akageukia ukutani. Maishani mwake hakuwahi kufanya kitu kilichomuuma kama kule kugeuka.

"Mwaga," Kokuberwa akamwambia Datius. "Kata mkungu ule wa nyuma ya nyumba. Immakulata, leta maharage mengine."

Mwijage alikaa na njaa mpaka saa tisa. Chakula kilipokuja alikula, akaongezewa mara mbili, akanawa mikono.

"Cha kwanza kimemwagwa. Wewe ndiye uliyewaambia?"

"Sikufungua mdomo, waitu," akajibu Jovitha kwa heshima ya Kihaya.

Mwijage akawageukia watoto. "Basi, wabaki pamoja. Nitakuja kila Jumapili kuwaangalia. Na kuni nitaleta mimi."

Jovitha alifurahi hadi akalia, wala hakuona haya. Mgeni alipoondoka, Kokuberwa akaja kuchuchumaa kando ya mkeka.

"Mama, kuna kimoja hujatufundisha. Uji wa mgonjwa."

Jovitha alimkazia macho. Hakuwahi kuwaambia kwamba naye anaumwa. Kisha akaketi wima, akafunga kanga kiunoni.

"Lete unga," alisema. "Na umwite Datius."