Miche Sita Kwenye Udongo wa Mama

Mama alikataa miche ya jirani kwa sababu yangu. Ilikuwa miche ya nyanya iliyobebeshwa juu ya shina la mbilingani, namna inayostahimili mnyauko, na jirani alikuwa anampa bure. Msimu uliotangulia ugonjwa huo ulikuwa umemaliza nyanya zote za mama. Hata hivyo alimjibu kwamba mwanawe anamtengenezea za kwake huko Moshi.

Ni kweli nilikuwa natengeneza. Maabarani tulihariri jeni moja ya nyanya, ile ambayo bakteria wa mnyauko huihitaji ili wastawi ndani ya mmea. Tulipima mara nyingi kuhakikisha hatukukata jeni nyingine. Tukaimwagia miche bakteria, ikabaki wima. Wenzangu wakapongezana. Mimi nikauliza: hawa bakteria wamekaa kwenye friji yetu miaka mingapi?

"Wewe hata ukipewa uji utauliza nani kaukoroga," msimamizi akasema.

Nikaenda Marangu, nikachota udongo wa shamba la mama, nikarudi nao maabara, nikapanda humo miche yetu sita. Siku ya tisa majani yalilegea. Siku ya kumi na moja hayakuinuka tena. Nilikata shina, nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji. Uzi mweupe kama maziwa ukashuka polepole, bakteria wakimiminika. Mashina yote sita yalitoa uzi huo. Bakteria wa shamba la mama walikuwa wa ukoo mwingine, si wale wa friji yetu.

Jumapili nilikwenda nyumbani Marangu. Mama alikuwa ameshalima na kuweka samadi, matuta yamenyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ziko wapi?"

Nilimweleza. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Basi leta hizo zilizobaki, tujaribu."

"Haziruhusiwi kutoka maabara. Hata zingepona, kibali kingechukua miaka."

"Hilo umelijua lini?"

"Tangu mwanzo."

"Padri ulimbishia maji ya baraka ukiwa darasa la tano. Mimi hukuniambia kitu, ukaniacha nisubiri."

Miche ya jirani ilikuwa imekwisha, na masika yameshakolea. Mama aliingia jikoni, akatoka na bakuli la maharage, akaanza kuyafukia kwenye matuta ya nyanya, punje mbili mbili kila shimo.

Nilipoinama kumsaidia alisema, "Acha. Utakanyaga."